Kutoa, Kutazama, Kurudisha

Kitoto cha panya cha siku tatu kina uzito wa gramu 2 hivi. Hakina manyoya, macho yamefumba, na ngozi yake ni nyembamba hata maziwa kiliyonyonya yanaonekana tumboni kama doa jeupe. Fundi hukilaza kwenye barafu mpaka baridi ikipumbaze, kisha hukata tundu dogo juu ya kifua. Ndani, mbele ya moyo, kuna vipande viwili vyeupe vya nyama laini: tezi ya thaimasi. Mrija wa kioo wenye ncha nyembamba unaingizwa, unafyonza, na tezi inatoka. Ukifyonza kupita kiasi umeua. Ukibakiza kipande, jaribio limeharibika na hutajua mpaka wiki nyingi baadaye. Kidonda hufungwa, kitoto hupashwa moto na kufutwa damu vizuri, maana mama akinusa damu anaweza kumla mwanawe.

Zawadi ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025 ilipotangazwa, tulisomewa sana habari za ugunduzi wa chembe zinazotuliza kinga ya mwili. Mimi nilibaki kwenye mrija huo wa kioo.

Mwaka 1969, Yasuaki Nishizuka na Teruyo Sakakura wa Kituo cha Saratani cha Aichi, mjini Nagoya, Japani, waliandika kwamba panya jike akitolewa thaimasi siku ya tatu, akikua ovari zake hunyauka. Akitolewa siku ya saba, hapatwi na kitu. Walidhani labda tezi hiyo huzilisha ovari kwa homoni fulani. Baadaye ikajulikana kwamba ovari hazikufa njaa. Zililiwa na kinga ya panya mwenyewe.

Hapo pana kitendawili. Thaimasi ndiko zinakokomaa chembe T, askari wa damu. Ukifunga kambi ya mafunzo, unatazamia jeshi lipungue. Hapa jeshi liliingia wazimu na kuanza kuchoma nyumba za wenyeji. Daktari kijana, Shimon Sakaguchi, alifika Aichi na kukaa na kitendawili hicho. Wazo lake lilikuwa jepesi kulisema na zito kulithibitisha: huenda kuna chembe T za aina nyingine, zinazochelewa kutoka kambini, na kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Akachukua chembe T za panya wazima wa ukoo uleule, akawapa wale waliofanyiwa upasuaji. Ugonjwa haukuja.

Lakini ni zipi kati ya mamilioni hayo? Bibi yangu alikuwa akichambua mchele kwenye ungo kila jioni, na mawe yaliyomsumbua hayakuwa yale meusi. Yalikuwa meupe, yenye umbo la punje. Hayo hukuyajua kwa jicho. Uliyajua kwa jino. Chembe T nazo ziko hivyo: chini ya hadubini zote ni viduara vinavyofanana. Kinachozitofautisha ni protini zilizochomoza juu ya ngozi zao, na protini hizo hutambulika kwa kingamwili zilizotengenezwa kuishika moja tu na kuiacha nyingine. Unajaribu alama moja. Unaondoa chembe zote zenye alama hiyo, unawapa panya zilizobaki, unangoja waugue au wasiugue. Kila swali linakula wiki nyingi, na majibu mengi ni ya kukatisha tamaa.

Na wakati wenyewe haukuwa mzuri. Katika miaka ya 1970 watafiti wengi walizungumzia chembe T zinazozuia kinga, wakataja hata eneo la jeni linalozihusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 eneo hilo lilipochunguzwa kwenye DNA, jeni lililodaiwa halikuwapo. Aibu ilikuwa kubwa, na uwanja ukahamwa. Kutaja chembe za kutuliza kulikuwa kama kurudi kwenye duka lililokuuzia saa bandia. Sakaguchi alipiga hatua moja mwaka 1985, kisha ikamchukua miaka kumi kupata alama aliyoitaka: CD25. Zenye alama hiyo ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya chembe T za kundi la CD4.

Jaribio la 1995 nalistahi kwa usafi wake. Wapo panya wasio na manyoya, ambao pia huzaliwa bila thaimasi inayofanya kazi. Sakaguchi na wenzake waliwapa chembe T bila zile zenye CD25, na panya hao wakaugua tumbo, tezi ya shingo, ovari, hata viungo. Waliporudisha mapema zile zilizotolewa, ugonjwa ulizuilika. Na kadiri walivyorudisha nyingi ndivyo kinga ilivyotulia. Toa, tazama, rudisha. Fundi redio yeyote wa mtaani anaijua njia hiyo.

Kwingine kabisa, huko Oak Ridge, jimbo la Tennessee nchini Marekani, kulikuwa na kazi ya subira ya namna nyingine. Katika miaka ya 1940 maabara iliyokuwa ikichunguza athari za mionzi iliona panya dume wakizaliwa na ngozi yenye magamba, wengu na mitoki vikiwa vimevimba, wakifa baada ya wiki chache. Waliitwa scurfy. Dume mgonjwa hafiki umri wa kuzaa, kwa hiyo ugonjwa hupitia kwa majike ambao wao wenyewe hawaugui. Ili ukoo huo usipotee, ilibidi mtu achague jike sahihi, amwozeshe, asubiri, aandike daftarini, tena na tena kwa nusu karne. Sijaona popote majina ya watunzaji hao wa vizimba yakitajwa kwenye sherehe.

Miaka ya 1990, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakiwa kwenye kampuni moja ya dawa huko Bothell, jimbo la Washington, waliamua kuitafuta kasoro yenyewe. Kromosomu X ya panya ina herufi zipatazo milioni 170. Walibana mpaka wakabaki na kipande cha herufi kama 500,000, chenye jeni 20. Wakazilinganisha moja moja, za mzima na za mgonjwa. Kasoro ilikuwa kwenye ile ya ishirini.

Na ilikuwa herufi mbili tu zilizojipenyeza. Udogo huo usikudanganye, maana DNA husomwa herufi tatu tatu. Chukua sentensi hii: mti ule una mbu. Penyeza herufi mbili baada ya neno la kwanza, kisha soma tatu tatu kama mwili usomavyo: mti kau leu nam bu. Kila kinachofuata kimeharibika.

Jeni hilo likaitwa Foxp3. Mwaka 2001 wao, pamoja na makundi mengine, walionyesha kwamba jeni hilohilo likiharibika kwa binadamu huleta IPEX, ugonjwa wa watoto wa kiume wanaoharisha bila kukoma, wenye ukurutu na kisukari tangu uchanga. Miaka miwili baadaye nyuzi zikafungana: Foxp3 ndiyo inayozifanya chembe za Sakaguchi ziwe zilivyo.

Sasa madaktari wanajaribu kuzitumia dhidi ya magonjwa kama kisukari cha aina ya kwanza, ambamo mwili hujila wenyewe. Damu ya mgonjwa inatolewa, chembe zinapakwa rangi zinazong'aa na kupitishwa mbele ya leza zikiwa zimepanga foleni, moja baada ya nyingine. Lakini askari wa kawaida naye akiamka huvaa CD25, kwa hiyo alama moja haitoshi. Fundi hutazama pia nyingine, CD127, ambayo kwa watulizaji ni hafifu. Zinazofaa zinaoteshwa wiki kadhaa ziongezeke. Humo baadhi hupoteza Foxp3 na upole wao, nje zikiwa hazina tofauti kubwa. Ndiyo maana kabla mfuko haujatundikwa kando ya kitanda cha mgonjwa, sampuli hurudi maabara, na mtu hukaa tena kuchambua.