Ngoma za Mavuno na Hukumu ya Watazamaji

Litamkwapo neno uhakiki katika madarasa yetu, mwanafunzi hufikiria kitabu, na tena kitabu kilichoteuliwa kwa mtihani. Hufikiria fani na maudhui, wahusika na dhamira, na maswali ambayo majibu yake yamekwisha kuandaliwa. Hatuna ugomvi na elimu hiyo. Lakini upo uhakiki mwingine, mkongwe kuliko vitabu vyetu vya shule, unaofanywa hadharani mavuno yakishaingia ghalani. Wanaoufanya ni wakulima na wafugaji, na hukumu yao huitoa kwa miguu. Katika insha hii tunakusudia kuutazama uhakiki huo katika nchi ya Zagayu na jirani zake, na kuonyesha kwamba furaha ya msimu wa mavuno haitenganiki na kazi ya kupambanua kilicho bora na kilicho hafifu.

Zagayu ni kata katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Kabla ya mwaka 2012, mkoa huo ulipomegwa kutoka Shinyanga, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu, na wafugaji wa ng'ombe. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo pamba huchumwa na kupelekwa sokoni. Viazi hukatwa vipande na kuanikwa juani viwe michembe. Vingine huchemshwa kwanza, ndipo vikaanikwa, vikaitwa matobolwa. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku una ubaridi, njia ni kavu, chakula kipo, na mwenye haja ya kutembea kijiji cha pili hana jembe linalomngoja alfajiri. Huo ndio wakati wa ngoma.

Yafaa kwanza tuseme neno juu ya mandhari. Hapa hakuna Kilimanjaro. Kuna tambarare zinazopanda na kushuka polepole, na juu yake vilima vya miamba, mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Katika mashairi mengi ya Kiswahili yanayosifu shamba, vilima vya namna hii huonekana kama picha iliyotundikwa ukutani: mtunzi husimama mbali, hutaja upepo, ndege na majani mabichi, kisha hushukuru na kuondoka. Mashairi hayo huwa na vina safi na mizani kamili, lakini hayana mtu ndani yake. Mchungaji wa Zagayu akikitazama kilima hukitazama kwa jicho jingine. Hutafuta mahali maji yanapotuama baada ya mvua, kivuli cha kupumzishia mifugo, na alama ya kumwongoza ndama akipotea. Hata nyasi zina kanuni. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, na kufunguliwa kiangazi kikizidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI na kuanzishwa mwaka 1986, uliitegemea desturi hiyo katika kurudisha miti na malisho katika ardhi iliyokuwa imechakaa. Mandhari, basi, ni kazi ya watu. Asifuye uzuri wa nchi hii pasipo kumtaja aliyeutunza amesifu nguo akamsahau mfumaji.

Ndivyo ilivyo kwa muziki wake pia. Ngoma nyingi za Wasukuma zilizaliwa na kazi. Bugobogobo huchezwa kwa majembe, kwa sababu asili yake ni shamba. Vikundi vya kulima kwa zamu, vilivyojulikana kwa jina la elika, vilikwenda shamba kwa shamba, ngoma ikipigwa na majembe yakipanda na kushuka kwa pigo moja. Banungule ni ngoma ya wawindaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mazao. Bayeye na Bagoyangi ni vyama vya wacheza nyoka, ambao pamoja na kucheza walijua dawa za sumu ya nyoka. Hata wigashe, ambayo jina lake latokana na kukaa, kwa kuwa waimbaji huimba wameketi, ni mapumziko ya watu waliokwisha kuchoka kwa haki. Katika kila moja ya ngoma hizi mchezo umesimama juu ya ujuzi fulani wa maisha. Kwa hiyo watazamaji hawaji wakiwa wageni. Anayemtazama mchezaji akizungusha jembe hewani amelishika jembe lile lile miezi mitano iliyopita. Anajua uzito wake, na anajua kama mchezaji huyo amewahi kulima au anaigiza tu.

Sasa tuyatazame mashindano. Ngoma za Usukuma kwa sehemu kubwa zimegawanyika katika pande mbili, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba pande hizo zilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa mahasimu katika ufundi wao. Siku ya mashindano, vikundi viwili vya pande hizo havipandi jukwaani kimoja baada ya kingine. Vinacheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Mchezo ukinoga upande huu, watu hukimbilia huku. Manju wa upande wa pili akitoa wimbo mpya uliopikwa vizuri, mawimbi ya watu hugeuka. Mashindano yaweza kuendelea kwa siku kadhaa, na kikundi kilichokusanya umati mkubwa zaidi ndicho kilichoshinda.

Tukiutafakari utaratibu huu tutaona jinsi ulivyo mkali. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hawezi kutegemea adabu ya hadhira. Katika ukumbi wa mjini, mtazamaji aliyechoshwa hubaki kitini kwa kuwa amelipa kiingilio au kwa kuwa mgeni rasmi hajaondoka, na mwisho wake hupiga makofi. Katika uwanja wa mavuno, mtazamaji aliyechoshwa huondoka, na kuondoka kwake huonekana na kila mtu. Kwa hiyo ningi hulazimika kutunga mwaka mzima. Lazima wimbo wake uwe na jambo la kusema: sifa, kejeli kwa hasimu, habari za bei ya pamba, maonyo kwa vijana. Lazima sauti ifike mbali, na wachezaji wafuate pigo kama mwili mmoja. Vikundi vimewahi kuja na vinyago, na nyoka hai, na sarakasi, ili kumshtua mtazamaji na kumvuta. Tena wapo waliotegemea samba, dawa ya mvuto. Msomi wa leo aweza kuitabasamia dawa hiyo. Sisi twaiona kama ungamo la mtunzi kwamba kuvuta watu ni jambo gumu, na kwamba ufundi peke yake hauleti uhakika.

Hapa yaweza kuzuka hoja nzito dhidi yetu. Je, umati hauwezi kudanganyika? Nyoka aliyeinuliwa juu huwavuta watu wengi kuliko ubeti wenye hekima. Kama wingi wa miguu ndio hukumu, tofauti iko wapi kati ya sanaa na kiini macho? Hoja hii ni ya kweli, na hatutaki kuiruka. Umati wa siku moja hukosea. Lakini msimu una mahakama mbili. Ya kwanza hukaa Juni na Julai, uwanjani, na hutoa hukumu ya haraka. Ya pili hukaa Desemba, shambani, mvua zikinyesha. Hapo hakuna nyoka wala vinyago. Kuna magugu, matope, na mstari wa watu walioinama. Wimbo unaochukuliwa kutoka uwanjani ukaimbwa shambani, ukaweza kumsaidia mtu kumaliza tuta lake, huo umeshinda rufani. Uliovuta macho tu umekwisha kusahauliwa. Kwa njia hiyo kazi huzaa wimbo, wimbo huenda ngomani, na ngoma huurudisha kazini ukiwa umepimwa mara mbili. Hatujui mtaala wa uhakiki unaozidi huu kwa ukamilifu.

Tangu uhuru, taifa letu limejitahidi kuzipa ngoma heshima zilizonyimwa wakati wa ukoloni. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, akasikitika kwamba wengi walikuwa wamefundishwa kucheza dansi za kigeni ilhali ngoma zao wenyewe hawazijui. Aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lilikuwa tendo jema, na matunda yake tunayala hata leo. Lakini jukwaa lina desturi zake. Ngoma ililetwa mbele ya wageni ikapewa dakika chache. Ikatakiwa ianze kwa salamu na imalizike kwa shukrani. Vikundi vikapangwa kimoja kimoja, na waamuzi wakaketi mezani. Miguu ya watazamaji ikafungwa. Ngoma iliyozoea kubishana na jirani yake ikabaki kuzungumza peke yake.

Jambo hili linahusu pia ukweli wa maneno. Mwaka 1988, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Elias Songoyi alichunguza uhusiano wa msanii na dola kwa kuwalinganisha waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila. Swali alilolishughulikia halijazeeka. Mtunzi anayepimwa na mwenye jukwaa huimba yatakayompendeza mwenye jukwaa. Mtunzi anayepimwa na umati ulio huru kuondoka hulazimika kuimba yale ambayo umati unayatambua kuwa kweli, yakiwemo yasiyopendeza. Hatusemi kwamba sifa si sanaa. Ushairi wa Kiswahili una tenzi bora za kusifu. Twasema kwamba sifa ina uzito pale tu ambapo lawama nayo ingeweza kusikika.

Wala hatusemi kwamba kila sherehe iliyopangwa huiua ngoma. Huko Bujora, karibu na Mwanza, sherehe ya Bulabo imeambatana na sikukuu ya Ekaristi, ambayo huangukia mwisho wa Mei au Juni. Padre David Clement, aliyekuwa na bidii kubwa katika kuanzisha Makumbusho ya Wasukuma mahali hapo, hakuzitoa ngoma katika msimu wake. Bagika na Bagalu waliendelea kushindana huko. Vilevile viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilivyopokea sherehe za kitaifa za Nane Nane mwaka 2018, vimejengwa kwa ajili ya maonyesho ya kilimo, mahali panapofaa kabisa kwa ngoma iliyozaliwa na jembe. Kinachotakiwa ni kuiachia nafasi ibishane.

Fasihi andishi nayo inaweza kujifunza hapa. Tunao mfano bora kutoka ziwa lile lile, kwa jirani zetu Wakerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu kwa Kikerewe, ikangoja miaka 35 hadi tafsiri aliyoifanya mwenyewe kwa Kiswahili ilipochapwa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata. Katika kitabu hicho maisha ya shamba hayasifiwi kwa mbali. Pombe inapikwa hatua kwa hatua, wageni wanapokewa kwa kanuni zao, msimu unaleta kazi zake na starehe zake. Msomaji aliyekulia kijijini anaweza kuuliza, kama yule mtazamaji wa bugobogobo: je, mwandishi huyu amelishika jembe? Jibu analipata katika kila ukurasa.

Basi tunawageukia walimu na wanafunzi. Mwanafunzi wa Zagayu anayerudi nyumbani likizo ya Juni hupita kando ya uwanja wa ngoma akiwa na daftari la uhakiki mkononi, na pengine hajui kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana. Akiamini kwamba hukumu ya sanaa hutoka kitabuni tu, atakuwa amemnyang'anya bibi yake cheo alichokuwa nacho. Kisha, kwa kuwa redio na simu humletea muziki usioweza kumwona akiondoka, atazoea kusikiliza bila kuhukumu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kupotea kwa ngoma moja, maana taifa la watu wasiojua kuhama wanapochoshwa hulishwa chochote.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mwalimu na awapeleke wanafunzi wake uwanjani msimu wa mavuno, awaagize wasiandike kwanza habari za mavazi na idadi ya ngoma, bali waandike saa ambayo umati ulihama, na wimbo gani uliuhamisha, na kwa nini. Shuleni, badala ya vikundi viwili kupanda jukwaani kwa zamu, vishindane pamoja uwanjani, na wenzao wawe huru kwenda upande waupendao. Mvua zikianza, awaulize tena: ni wimbo upi bado unaimbwa mashambani? Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo kwa uaminifu atakuwa mhakiki, na siku atakapokifungua kitabu cha mashairi atajua namna ya kukitazama.