Kurudi Kwenye Mzimu: Bwana Msa Baada ya Miaka Thelathini

Utangulizi

Kila msomaji ana kitabu kimoja kilichomnyima usingizi utotoni. Kwetu sisi kitabu hicho ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Muhula huu tulipoombwa tuwapendekezee wanafunzi wa mwaka wa kwanza riwaya moja ya kusoma nje ya silabasi, tuliitaja hiyo bila hata kufikiri. Baadaye tukaona si haki kumpa mwanafunzi kitabu tunachokikumbuka kwa hofu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Tukakichukua tena na kukisoma mwanzo hadi mwisho. Makala haya yanaeleza tulichokikuta.

Kitabu kisicho na mwisho

Tulikulia Tororo, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya. Baba mdogo alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Mombasa na Kampala, na kila alipopita alituletea chochote: mkate, sabuni, mara moja kitabu. "Shika hiki, mwanangu, ujifunze Kiswahili cha wenyewe," alituambia. Hakutuambia kwamba kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha kunyofoka. Pengine hata yeye hakujua.

Mama hakukifurahia kitabu kile. Msomaji wa leo huenda asielewe kwa nini, kwa hiyo ni vema tueleze. Kwa watu wengi wa umri wake nchini Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya wezi. Walikuwa wamekisikia kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa Idi Amin, na katika miaka ya vurugu iliyofuata baada ya 1979. Mtu akigongewa mlango usiku na kusikia Kiswahili, hakungoja kuuliza anayegonga ni nani. Mama aliuliza kwa nini mtoto asome kwa hiari lugha ya kuamrishwa.

Tulisoma kwa siri, kwa taa ya chemli. Tulifika pale karatasi zilipoishia na hatukumjua muuaji. Sisi na ndugu zetu tulikaa tukabishana, tukakata shauri kwamba Bwana Ali ameuawa na mzimu, basi. Kwa miaka kadhaa hukumu yetu ilikuwa hiyo. Tulipokwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ndipo tulipokipata kitabu kizima maktabani na kugundua kwamba tulimhukumu asiyehusika.

Mwandishi na wakati wake

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, na baadaye alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima huko Dar es Salaam. Hadithi yake hii ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Baada yake zilifuata nyingine za Bwana Msa, zikiwemo Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mwandishi alifariki mwaka 1991. Herufi za kwanza za majina yake matatu ndizo zilizompa mpelelezi wake jina.

Inajulikana kwamba Bwana Msa ana deni kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum wa kumshangaa, na yupo Inspekta Seif wa polisi anayehitaji kusaidiwa. Hata chambo cha hadithi kinafanana na kile cha riwaya ya Doyle ya mbwa wa Baskerville, ambamo watu wanaamini kwamba jinamizi la kale ndilo linaloua. Baadhi ya wahakiki huishia hapo na kusema huu ni uigaji. Sisi tunadhani swali linalofaa kuulizwa ni hili: mwandishi alikifanyia nini alichokiazima?

Mzimu ni nini?

Tuanze na jina la kitabu, kwani ndipo mtoto wa Tororo alipopotea. Katika Kiganda na lugha jirani, muzimu ni roho ya mtu aliyekufa. Wengi wetu wa bara tunalitumia neno la Kiswahili kwa maana hiyohiyo: mzimu huja usiku, mzimu humtokea mtu. Lakini katika Kiswahili cha visiwani, mzimu ni mahali hasa. Ni pango, mti mkubwa au magofu ambako watu hupeleka sadaka na kuomba haja zao. Kwa hiyo jina la riwaya linataja mahali ambapo maiti ya Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, inakutwa. Halimtaji muuaji.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Msomaji anayejua kwamba mzimu ni mahali huuliza mapema: nani mwingine alifika hapo? Msomaji anayedhani mzimu ni kiumbe haulizi kitu, huogopa tu. Wanakijiji wamo katikati ya maana hizi mbili: mahali wanapajua, lakini wanaamini pana wenyewe. Upelelezi wote unakaa katika nafasi hiyo. Bwana Msa hawacheki wanaoamini. Anaiacha imani yao ilipo, kisha anauliza nani alionekana, saa ngapi, na ni nani anayefaidika watu wakiogopa kwenda pale. Hatutamtaja muuaji hapa, maana tunataka wanafunzi wakasome wenyewe. Itoshe kusema kwamba ni binadamu, na kwamba siri yake, kama siri nyingi katika hadithi za Abdulla, imefungamana na nasaba.

Taharuki ya maneno

Tulikumbuka kitabu kilichojaa mbio na giza. Tulipokisoma upya tulishangaa kuona jinsi mbio zilivyo chache. Watu wanakaa, wanazungumza, wanataniana, wanakwepa maswali. Taharuki inatokana na mazungumzo. Bwana Msa anauliza jambo dogo, anajibiwa kwa adabu, anavuta kiko chake na kunyamaza. Msomaji anajua kwamba jibu lile lina kasoro, lakini hajui ni ipi, naye Najum hajui, kwa hiyo tunasubiri pamoja.

Hapa ndipo mwandishi anapoachana na Doyle. Holmes ni mtu wa pembeni, huja kwa watu wasiomjua, akaondoka. Bwana Msa anafanya kazi katika jamii inayosalimiana. Hawezi kumkurupukia mtu mzima kwa maswali. Lazima ajue lini aulize moja kwa moja, lini azunguke, na lini aache utani ufanye kazi ambayo ukali usingeifanya. Heshima ya lugha ndiyo zana yake ya upelelezi. Anayesema uongo kwa Kiswahili cha adabu huna budi kumnasa kwa Kiswahili cha adabu.

Sasa tunaelewa kwa nini kitabu kilitushika vile katika nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi. Mtu mwenye uwezo alikuwa akikitumia kuuliza, tena kwa upole, na asubiri ajibiwe. Tulikuwa hatujapata kusikia hivyo. Mama naye, siku moja alipotukuta tukimsomea mdogo wetu kwa sauti, alisimama mlangoni kwa kitambo. Hakusema kitu, wala hakukichukua kitabu. Tungekuwa tunatia chumvi tukisema aliipenda lugha tangu siku ile. Lakini hakutukataza tena.

Kasoro zake

Mapenzi ya utotoni yasitufumbe macho. Kwanza, ufumbuzi mwishoni unaelezwa kwa kirefu, na mtandao wa ukoo ni mgumu kiasi kwamba tulilazimika kuchora nasaba pembeni ili tusipotee. Ukisoma mara ya pili unaona kwamba sadfa kadhaa zimebebeshwa mzigo mzito.

Pili, wanawake katika riwaya wanajulikana zaidi kwa siri zao za ndoa na uzazi kuliko kwa fikra zao. Tatu, hadithi hii iliandikwa katika miaka ambayo Unguja ilikuwa ikitokota kisiasa: uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1957 na mapinduzi yakafuata Januari 1964. Wenye mashamba na wanaowatumikia wamo kitabuni, lakini malalamiko baina yao yanageuzwa kuwa mambo ya ukoo mmoja. Wahakiki wamekwisha kuligusa jambo hili, nasi tunakubaliana nao. Hata hivyo tungeongeza kwamba kitabu kinachoonyesha mali nyingi ikikaa pamoja na siri nyingi hakikunyamaza kabisa.

Darasani

Tulipokuwa masomoni, mmoja wa wakubwa wetu alituambia kwamba riwaya pendwa ni za kupitisha wakati, na kwamba mtu wa shahada ya uzamili asipoteze tasnifu kwazo. Tulitii. Tuliandika juu ya mambo mengine, na hatujuti. Tunachojutia ni kwamba tulilirudia neno lile mbele ya wanafunzi wetu kwa miaka mingi. Mwaka jana tulimnyang'anya mwanafunzi simu darasani kwa kuwa alikuwa akisoma humo hadithi ya kijasusi ya Kiswahili. Ilitubidi tusome tena Bwana Msa ndipo tujiulize: yule alikuwa na tofauti gani na mtoto mwenye chemli?

Tunatoa mapendekezo mawili kwa walimu wenzetu, hasa wakati huu ambapo serikali ya Uganda iliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. La kwanza: wapeni wanafunzi riwaya hii bila sura za mwisho. Waandike wenyewe nani kaua na kwa ushahidi upi. Mwanafunzi atatumia "kwa kuwa", "ijapokuwa" na "lau" kwa sababu anazihitaji, si kwa sababu zoezi linamwagiza. La pili: wachambue mahojiano ya Bwana Msa kama somo la rejesta. Nani anaambiwa "bwana", nani anataniwa, nani anaulizwa kwa mzunguko, na kwa nini?

Hitimisho

Baba mdogo alitupatia kitabu pungufu, na upungufu ule ulitufanya tukitafute kwa miaka. Nakala ya idara imo katika kabati la chumba cha walimu, na kurasa zake zote zimo, tumezihesabu. Yule mwanafunzi tumemrudishia simu yake zamani. Wiki hii tumemwazima na kitabu.