Ibrahim Ferrer Hakuchelewa

Kuna kisa kinachozungushwa WhatsApp kila mara. Mzee mmoja Mkuba, ati alikuwa aking'arisha viatu vya watu Havana, akaitwa studio siku moja, na akiwa na zaidi ya miaka 70 akapewa tuzo ya msanii mpya. Chini yake mtu ameandika: usikate tamaa, saa yako itafika. Mzee mwenyewe ni Ibrahim Ferrer, na mimi kisa hicho siku hizi kinaniudhi.

Uongo hakina. Ferrer alizaliwa 1927 San Luis, karibu na Santiago de Cuba. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 12, akaanza kuimba kwenye sherehe za watu apate riziki. Mwaka 1991 aliachana na muziki, akawa anang'arisha viatu na kuuza tiketi za bahati nasibu. Mwaka 1996 Juan de Marcos González alimtafuta mtaani, akampeleka studio za EGREM, ambako Ry Cooder na wenzake walikuwa wakirekodi Buena Vista Social Club. Mwaka 2000 akapata ile tuzo, Latin Grammy. Sawa.

Shida ni pale katikati panaporukwa. Mwaka 1955 Ferrer alikuwa tayari ameimba "El Platanal de Bartolo" na Orquesta Chepín-Chovén, na wimbo ukavuma. Baadaye alikaa miaka mingi na kundi la Pacho Alonso, Los Bocucos. Kazi alikuwa nayo. Alichonyimwa ni bolero. Aliambiwa sauti yake haifai nyimbo hizo, basi akapewa zile za kuchangamsha watu wacheze, au akawekwa nyuma aitikie.

Bolero ni wimbo wa mapenzi wa mwendo wa polepole, na ulizaliwa Santiago huko huko mwishoni mwa karne ya 19. Kama nyumbani kwenu Jumapili kulipigwa rumba za Kikongo, sikio lako litaitambua hata kabla hujaelewa neno moja. Santuri za Kuba zilisikizwa sana Kongo enzi za babu zetu, na rumba yao ikaota hapo.

Sasa sikiza "Dos Gardenias" ya Isolina Carrillo vile Ferrer anaiimba. Waimbaji wengi wa bolero huupanda wimbo kama ngazi, ukifika kileleni lazima ujue kwamba wameumia. Ferrer hapandi popote. Anachelewa kidogo nyuma ya mdundo, anaongea polepole, kama mtu aliye jikoni usiku na hataki kuamsha watoto. Kwenye "Silencio", akiwa na Omara Portuondo, anaimba hivyo hivyo. Hiyo sauti ndogo waliyosema haitoshi ndiyo inayokufanya usogee karibu na spika.

Nilimchezea mjomba wangu nyimbo hizo mbili. Mjomba aliimba na bendi za hotelini miaka 20 hivi, na miaka yote hiyo alikuwa mwitikiaji. Alisikiza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu hakujifunzia uzeeni. Alikuwa hivi kitambo, ni vile hawakumpa maiki."

Basi. Hapo ndipo kisa cha WhatsApp kinapovunjika. Kinamsifu mzee kwa subira yake na kuwasamehe waliomsubirisha. Msanii mpya kwa nani? Hata umaarufu haukumfungulia kila mlango: mwaka 2004 albamu yake Buenos Hermanos ilishinda Grammy, lakini Marekani ikamnyima viza, hivyo hakwenda kuichukua.

Ndoto yake ilikuwa albamu ya bolero tupu. Ilikuja kutoka akiwa ameshafariki, tarehe 6 Agosti 2005, akiwa na miaka 78. Inaitwa Mi Sueño, ndoto yangu. Haina makali ya ile ya 1999. Mwendo ni mmoja karibu mwanzo hadi mwisho, na mahali pengine unasikia pumzi ikimwishia. Lakini piano ya Roberto Fonseca inampa nafasi, na Ferrer anaijaza bila haraka. Naipenda, na kila nikiisikiza najiuliza angeiimba vipi akiwa na miaka 35. Hakuna studio itakayotupa jibu.

Kwa hivyo msee akikutumia kile kisa tena, mjibu na "Dos Gardenias". Halafu angalia bendi ya mtaani kwenu Ijumaa, yule anayeitikia pale nyuma, na uulize kama kuna mtu amewahi kumwambia asogee mbele.