Kwa Nini Kimetupwa? Mbinu ya Lars Eighner

Mwaka 1991 jarida la Marekani, The Threepenny Review, lilichapisha insha ya Lars Eighner, "On Dumpster Diving". Eighner alikuwa ameishi bila makazi mjini Austin, Texas, yeye na mbwa wake Lizbeth, wakila vilivyotupwa kwenye makontena ya taka. Wengi huisoma insha hiyo kama kisa cha huzuni. Ukiisoma kwa makini utakuta ni maelezo ya kazi yenye kanuni zake, na kanuni hizo zinawashtaki wanaotupa.

Kanuni ni tatu. Kwanza, kagua chakula kwa macho, pua na akili timamu. Pili, yajue makontena ya mtaa wako na uyapitie kila mara. Tatu, jiulize: kwa nini kimetupwa?

Swali hilo la tatu ndilo linalobeba kazi yote. Chukua chupa ya siagi ya karanga iliyobaki nusu. Ikiokotwa karibu na mabweni ya wanafunzi siku chuo kinapofungwa, jibu lipo kwenye kalenda: mwenyewe amekwenda likizo na hakujua kama ingeharibika kabla hajarudi. Piza nzima nyuma ya duka nayo ina maelezo: oda ilikosewa, au aliyepiga simu alikuwa anatania. Pasipo na sababu inayoeleweka, shaka huongezeka.

Baada ya swali huja upangaji wa hatari. Biskuti, tambi na vyakula vingine vikavu havimsumbui sana. Vya kopo anaviamini, ila kopo lililovimba haligusi. Matunda yenye ganda lisilopasuka yanafaa. Kuku, nyama ya nguruwe na vyakula vyenye mayai anaviepuka. Hata hivyo, anakiri kwamba kuhara kulimpata angalau mara moja kwa mwezi. Ujuzi ulipunguza hatari, haukuiondoa, na mtu asije akayapamba maisha hayo.

Alijiwekea mpaka pia: mapipa ya nyumba moja moja hakuyachakura, kwa kuwa taka za mtu mmoja hufichua siri zake.

Mbinu hii ilimlisha kwa sababu majibu mengi ya swali lake hayakuhusu ubovu. Yalihusu haraka, wingi na tarehe zisizoeleweka. Nchini Marekani sheria ya shirikisho hulazimisha tarehe kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga tu. Kwenye vyakula vingine vingi, tarehe ni makadirio ya mtengenezaji kuhusu ubora. Ufaransa ilichukua hatua mwaka 2016: maduka makubwa yenye zaidi ya mita za mraba 400 yalikatazwa kuharibu chakula kinacholika, yakatakiwa kuingia mikataba na mashirika ya misaada.

Lakini duka si mkosaji mkuu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 hivi zilitoka majumbani. Eighner alilazimika kuuliza swali lake baada ya chakula kufika kwenye taka. Sisi tunaweza kuliuliza mapema, mkono ukiwa bado haujafungua pipa. Tuliulize.