Ng'ombe Asiye na Maziwa Zaidi: Tahakiki ya Sitiari ya Kodi katika Azimio la Arusha

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sitiari ya ng'ombe na maziwa inayotumika kufafanua kodi katika Sehemu ya Tatu ya Azimio la Arusha (1967). Yanadai kwamba sitiari hiyo inaeleza kwa ufasaha mipaka ya uwezo wa mlipakodi, lakini inamnyima sauti ya kuhoji matumizi ya kodi yake. Aidha, yanaonesha kuwa Azimio lenyewe linatoa, kurasa chache mbele, nyenzo za kuisahihisha sitiari hiyo.

1.0 Utangulizi

Azimio la Arusha limechambuliwa sana na wachumi na wanasayansi ya siasa. Wahakiki wa lugha wamelishughulikia kwa nadra, na aghalabu kama hazina ya istilahi tu: ujamaa, kujitegemea, unyonyaji. Jambo hili linashangaza, kwa kuwa matini hii ni mojawapo ya nathari za hoja zilizosikilizwa na watu wengi zaidi katika Kiswahili cha karne ya 20. Lakoff na Johnson (1980) wametufundisha kwamba sitiari huangaza upande mmoja wa jambo na kuacha mwingine gizani. Swali la makala haya ni jepesi: sitiari ya ng'ombe inamwangaza nani, na inamficha nani?

2.0 Nguvu ya Sitiari

Sehemu ya Tatu inafunguliwa kwa sitiari ya vita. Taifa linapigana na umaskini, na kosa lake ni kuchagua fedha kuwa silaha, ilhali fedha ni silaha isiyokuwa nayo. Kisha, matini inapofikia kodi, uwanja wa vita unaachwa na msomaji anaingizwa zizini. Hoja inajengwa kwa hatua. Serikali kukosa fedha maana yake ni wananchi kukosa fedha. Anayeitaka Serikali itumie zaidi anaitaka, apende asipende, itoze zaidi. Anayetaka matumizi yaongezeke bila kodi kuongezeka anataka muujiza. Ni kama mtu atakaye maziwa zaidi kutoka kwa ng'ombe huku akikataza asikamuliwe tena. Mwisho inakuja kauli ya huruma: ng'ombe mwenyewe angependa kuwa na maziwa zaidi kwa ajili ya ndama wake, lakini kupenda hakuyaongezi.

Ustadi wa kifungu hiki umo katika kuwaunganisha washiriki wawili. Anayedai maziwa ni mwananchi, na ng'ombe ni mwananchi yuleyule. Mbunge anayesimama kudai barabara, shule au maji kwa ajili ya jimbo lake anaambiwa kuwa bili itarudi kwa hao hao anaowasemea. Kwa taifa lililokuwa na miaka mitano tu ya uhuru, ambamo wengi waliitazama Serikali kama mrithi wa utajiri wa mkoloni, hili lilikuwa somo zito la uraia. Pia lilikuwa tofauti na lugha ya watangulizi wake. Kodi ya kibanda ya Wajerumani, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19, haikumweleza mlipaji uwezo wake ulikoishia; ilihesabu vibanda.

3.0 Kilichofichwa

Hata hivyo, sitiari hii ina mapungufu matatu. La kwanza, ng'ombe hasemi. Anaweza kuhurumiwa, lakini hawezi kuuliza kibuyu kimepelekwa wapi. Mjadala wa kodi unabaki kuwa wa kiasi (yamebaki maziwa au hayakubaki?) badala ya kuwa wa uwajibikaji. Huruma kwa mlipaji si sawa na haki ya mlipaji.

La pili, mkamuaji hana sura. Katika kifungu hiki Serikali ni mkono tu unaokwenda kwenye kiwele kwa kuombwa. Haina njaa yake yenyewe, haina watumishi wanaokunywa njiani. Ni kweli kwamba Sehemu ya Tano inawawekea viongozi masharti makali kuhusu hisa, nyumba za kupangisha na mishahara miwili. Lakini masharti hayo yanahusu mali ya kiongozi, hayahusu kibuyu cha umma.

La tatu, ng'ombe ni mmoja. Sitiari inawafanya wananchi wote kuwa mwili mmoja wenye kiwele kimoja. Hapa ndipo Azimio linapojisahihisha lenyewe, kwa maana baadaye linaonya kwamba wakazi wa mijini wanaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima: mikopo inayojenga miji hulipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao ya vijijini. Kwa lugha ya zizini, wapo wanaokamuliwa na wapo wanaokunywa. Wahakiki wanaolisoma onyo hilo kama hoja ya kiuchumi peke yake wanapitwa na kazi yake ya kimatini, yaani kumgawanya yule ng'ombe.

Kuna kinaya pia. Matini inayokiri kwamba Serikali haiwezi kupata zaidi kwa kodi ndiyo iliyofuatiwa, ndani ya mwezi huohuo wa Februari 1967, na utaifishaji wa benki. Serikali ilipanuka bila neno kodi kutamkwa. Baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, mamlaka za mazao zilisimama kati ya mkulima na soko, na sehemu ya thamani ya zao lake ikabaki huko. Maziwa yalipatikana kwa mlango mwingine, na kwa kuwa hayakuitwa kodi, sitiari haikuweza kuyaona.

4.0 Kutoka Kodi hadi Tozo

Suala hili si la makumbusho. Julai 2021, miamala ya simu nchini Tanzania ilipowekewa makato mapya, neno lililotumika lilikuwa tozo. Tofauti yake na kodi si ya kisheria tu. Kodi hulipwa: katika "mwananchi amelipa kodi", mwananchi ni kiima na mtenda. Tozo hutokana na kutoza, na mwananchi huingia katika sentensi kwa kauli ya kutendwa: ametozwa. Sarufi inamrudisha zizini. Hata kaulimbiu maarufu ya kumtaka mnunuzi adai risiti inamfanya mlinzi wa mapato dhidi ya muuzaji. Haimpi risiti ya kuidai Serikali.

5.0 Hitimisho

Sitiari ya ng'ombe inastahili heshima. Ilisema ukweli ambao wanasiasa wengi bado wanaukwepa majukwaani: kila ahadi ya Serikali ina mlipaji. Udhaifu wake ni kuishia kwenye uchovu wa mlipaji bila kufika kwenye swali lake. Ukubwa unaofaa wa Serikali hauwezi kupimwa kwa kupapasa kiwele. Unapimwa kwa majibu anayopewa mwenye maziwa. Kazi ya mhakiki wa Kiswahili, basi, ni kuuliza ni nani aliye kiima katika kila sentensi ya bajeti.