Kabla Hujalinunua Zeze la Kigogo

Litilie shaka zeze linalong'aa. Kwenye vibanda vya vinyago vya Dar es Salaam yamejaa: kibuyu kimepakwa vanishi, shingo imechongwa sura ya mtu, ushanga umezungushwa kila mahali. Yanapendeza ukutani, na huko ndiko yanakokwenda. Mengine hata upinde hayana.

Shika kibuyu kwanza. Kilichochumwa kichanga hunywea kikikauka, na ukuta wake hupasuka upesi. Kilichokomalia shambani huwa kigumu. Kigonge kwa kucha, kitajibu kwa mlio mkavu. Kikijibu kwa sauti iliyofifia, ama nyama ya ndani haikukwanguliwa vizuri, ama pana ufa umefichwa chini ya rangi. Vitundu vya wadudu viwili vitatu vilivyozibwa kwa nta visikutishe.

Ngozi ndiyo inayokula muda wa fundi, nawe uipe muda wako. Ngozi ya mbuzi huwambwa ikiwa imelowa, ikashikizwa kwa vijiti au misumari midogo pembezoni, kisha ikajikaza yenyewe inapokauka. Iliyobandikwa kwa gundi tupu itaachia, ni suala la lini. Ibonyeze katikati kwa dole gumba. Isibonyee ikabaki imebonyea. Iinue kwenye mwanga utafute sehemu nyembamba, pale kisu kilipopita kwa pupa wakati wa kuondoa manyoya, maana ndipo daraja linalobeba nyuzi litakapoitoboa. Ila usilihukumu zeze la Dodoma, kwa Wagogo, siku linapofika pwani. Unyevu hulegeza ngozi yoyote. Lianike kidogo juani, au lisogeze karibu na moto kama wapiga ngoma wafanyavyo, ndipo ulisikilize.

Shingo ipenye kibuyu upande hadi upande, isichomekwe tu. Vigingi vya nyuzi vikishakazwa, subiri kidogo: kinachorudi nyuma polepole kitakusumbua kila wimbo.

Kuhusu nyuzi, zamani zilikuwa kano za wanyama. Siku hizi mafundi wengi hufumua nyaya za breki za baiskeli. Wapo wanaolia kwamba asili imepotea. Mimi simo. Waya hustahimili upinde na kuhifadhi ule mkwaruzo ambao zeze haliwi zeze bila huo. Usihesabu nyuzi kama anayehesabu ng'ombe. Marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo aliyeishi na kufanya kazi Bagamoyo hadi kifo chake mwaka 2003, alipiga mazeze yenye nyuzi nyingi, lakini alikuwa Zawose. Kila uzi unaoongezwa huikandamiza ngozi zaidi, na zeze la nyuzi mbili lililowambwa vizuri hulishinda la nyuzi nane lililochoka.

Upinde usiopakwa ulimbo hauimbi. Kabla ya kulaumu ala, paka.

Na usilipime zeze kwa programu ya simu. Uimbaji wa Kigogo, pamoja na ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotetema: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba na kuendelea. Hiyo ya saba iko chini ya ile iliyo karibu nayo kwenye kinanda kwa takriban theluthi ya nusu toni. Simu itakuambia zeze limeharibika, kumbe lipo sawasawa.

Kipimo chenyewe ni koo. Zeze hutengenezwa lisindikize mwimbaji, kwa hiyo mwombe muuzaji apige huku akiimba. Akikataa kabisa, huenda hakulitengeneza yeye. Akiimba, sikiliza kama mkwaruzo wa upinde unajichanganya na sauti yake au unagombana nayo. Linalomfunika halifai, hata likiwa na mlio mnene wa kuvutia. Linalozama chini yake lina ngozi iliyolegea, au daraja limekaa karibu mno na ukingo. Hilo la daraja unaweza kulisogeza mwenyewe palepale, kabla hamjapatana bei.