Kulipimia Gitaa Mwangwi Wake

Gitaa la rumba ya Tanga halipendi mwangwi mwingi. Fundi wa amplifaya mjini hapa anapaswa kulijua hilo kabla hajashika pasi ya kulehemu, maana michoro tunayoifuata haitamwambia. Mingi asili yake ni Marekani ya miaka ya 1960, ikichorwa kwa wapigaji waliotaka noti moja ielee peke yake hewani. Kwetu noti haikai peke yake. Sikiliza Jamhuri Jazz au Atomic Jazz, bendi zilizoupa mji huu jina. Sikiliza ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika huko Kenya. Solo inasema, rithimu inajibu kabla solo haijamaliza, besi inapita katikati yao. Ule upenyo mdogo kati ya noti na noti ndio unaochezwa. Ukiujaza mwangwi, watu wanarudi kukaa.

Lakini gitaa kavu kabisa nalo ni karaha. Kwa hiyo kuna kazi, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu: kufungua amplifaya ya valvu iliyojengwa nyumbani, kuzitazama springi zake za mwangwi, na kuzipangia vitufe vinavyoendana na muziki wa hapa.

Springi hizo zilianza mbali na muziki. Maabara za Bell huko Marekani zilizitumia kuigiza uchelewaji wa sauti katika simu za masafa marefu. Laurens Hammond, mtengenezaji wa vinanda vya umeme, akazitia ndani ya vinanda vyake ili anayepiga sebuleni ajisikie yuko kanisani. Leo Fender akazifikisha kwenye gitaa: mwaka 1961 kama sanduku la kuweka pembeni, na mwaka 1963 zikiwa ndani ya amplifaya yenyewe, ile Vibroverb.

Ndani ya tanki, ambalo ni kisanduku cha bati kisichofika nusu mita, zimetundikwa springi mbili au tatu nyembamba. Upande mmoja koili na sumaku ndogo huzisokota. Mtikisiko hukimbia hadi upande wa pili, hurudi, huenda tena, ukififia kila safari. Katika Mapango ya Amboni sauti hurudi kutoka kwenye kuta za chokaa kupitia hewa, nzito na nyembamba zikifika pamoja. Kwenye springi haziendi mwendo mmoja. Nzito hutangulia, nyembamba hufuata nyuma yake, ndiyo maana ukiupiga uzi kwa nguvu unasikia kitu kama tone la maji linaloangukia ndani ya mtungi. Wapo wanaoliona tone hilo kuwa kasoro. Mimi nalipenda, mradi lisidondoke kila wakati.

Tatizo la amplifaya nyingi zilizoigwa kwa Fender ni kwamba mwangwi una kitufe kimoja tu, nacho hupima kiasi kinachorudi kutoka kwenye tanki. Kinachopelekwa hakipimwi. Valvu ya 12AT7, nusu zake mbili zikifanya kazi sambamba, huzisukuma springi kwa nguvu ile ile, uwe umefungua kitufe kidogo au umekimaliza. Mpigaji mwenye mkono mzito huzivuruga tangu noti ya kwanza. Ukipunguza kitufe, unapata vurugu ile ile kwa sauti ndogo.

Dawa yake ni rezista moja. Kwenye gridi ya 12AT7 ipo rezista ya megaomu 1 inayokwenda ethi. Iondoe, weka voliumu ya megaomu 1: mguu mmoja upokee sauti kutoka kwenye kapasita, wa pili uende ethi, wa kati uingie kwenye gridi. Basi. Sasa kitufe kimoja kinapeleka na kingine kinarudisha, na kati ya hivyo viwili kuna mambo mengi kuliko unavyodhani. Peleka kidogo, rudisha kingi: unapata ukumbi laini, tone la maji halisikiki. Peleka kingi, rudisha kidogo: springi zinalia, lakini kwa mbali. Sanduku la mwaka 1961 lilikuwa na kitufe hiki, pamoja na kingine cha kurekebisha wembamba wa mwangwi. Amplifaya zilizofuata zikabaki na kimoja. Anayeuza hupenda uso wa mashine usimchanganye mnunuzi, nami simlaumu. Anayejitengenezea mwenyewe hana mnunuzi wa kumwogopa.

Kisha kuna kapasita inayotangulia voliumu hiyo, na hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Kwenye mchoro ni pikofaradi 500. Ikikutana na megaomu 1, huanza kuzuia sauti zilizo chini ya hezi 320 hivi. Wengi huiongeza ili mwangwi unone. Mimi huishusha hadi 250, na kizuizi kinapanda kufikia hezi 640. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi hupiga hezi 82, ule mwembamba kabisa 330. Maana yake, rithimu ikichapa nyuzi za chini springi hazishtuki sana. Solo ikipanda juu ya shingo, zinaitika. Mpiga solo mmoja aliyeijaribu mashine ya namna hiyo alizungusha, akasikiliza, akaniambia, “Fundi, hapo hapo, usiguse tena.” Sikugusa.

Tanki nalo lina uamuzi wake. Accutronics huandika alama ubavuni: kwenye 4AB3C1B, ile 3 ni mwangwi mrefu, unaoweza kufika sekunde 4. Kwa dansi tafuta lenye 1 mahali pale, lisilozidi sekunde 2.

Ila Tanga si dansi tu. Black Star Musical Club waliingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu hapa hapa, na humo ikakua sauti ya Shakila Said, mzaliwa wa Pangani. Katika taarabu mwimbaji huvuta neno, gitaa likangoja, likajibu. Hapo nafasi ipo, na kitufe cha kupeleka kinaweza kufunguliwa bila haya. Mashine moja, jioni moja, miziki miwili: kwa kitufe kimoja usingeweza.

Pwani ina masharti yake pia. Hewa ya chumvi hula plagi za tanki na kufanya voliumu zikwaruze, kwa hiyo nunua zilizofunikwa vizuri. Upande wa tanki unaotoa sauti uwe mbali na transfoma ya umeme, la sivyo utasikia mvumo wa hezi 50 usiku kucha. Na usitie mkono ndani kwa sababu tu umechomoa waya ukutani. Ndani ya mashine hizi hupita volti 300 hadi 450, na kapasita kubwa huendelea kuzishikilia. Zitoe kwanza kupitia rezista, kisha hakikisha kwa mita.

Wenzangu mnaofanya kazi hii, naomba jambo moja. Mashine ikishabadilishwa, mchoro wa kiwandani haumsaidii tena atakayeifungua kesho. Chora ulichofanya, andika thamani ya kila kapasita na rezista uliyoigusa, tia tarehe, ubandike ndani ya kifuniko.